Mshenga na Finjani Yake

Jumapili, 24 Juni 1951

Nimepiga pasi shati la kesho. Kola nimeichoma kwa hasira.

Leo tulikwenda kuposa kwa Mzee Kosmas, seremala wa Mtoni, baba yake Veronika. Tulitoka misani moja kwa moja, mimi na mshenga wangu, kaka Damasi, mtoto wa baba mkubwa. Sina ndugu mwingine mjini, wazee wote wako Songea. Kwa hiyo Damasi ndiye mdomo wangu, nipende nisipende. Na mshenga akishapokewa habadilishwi. Kumbadilisha ni kuwatukana wenye nyumba.

Kwa mzee kuna taratibu mbili. Maneno hayaanzi mpaka kinywaji walicholeta wageni kiishe. Na neno la posa likisemwa na mlevi halihesabiwi. Zamani haikuwa taabu, kilikuwa kibuyu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu mafunda mawili, basi. Sisi tumepeleka kasha la bia ya chupa. Wazo la Damasi. Eti tuonekane watu wa mjini.

Hilo ningelivumilia. Lakini Damasi alitoa mfukoni finjani ya kahawa na kichupa cha moshi, ile pombe kali inayopikwa vichochoroni na polisi wanaisaka kila siku. Akajaza finjani, akaidondosha ndani ya kopo la bia. Povu likapanda mpaka mezani. Akanywa bila kupumua hadi finjani ikamgonga meno. Anaiita bomu. Alijifunza kwa askari wa Kizungu huko Burma wakati wa vita. Wazee wa upande wao wakapiga makofi.

Saa kumi kasha lilikuwa tupu, na hapakuwa na mtu wa kuposa wala wa kujibu posa. "Njooni Jumapili ijayo," mzee akasema, ameshika ukuta.

Mimi nilikunywa kopo moja. Nilirudi kwa miguu, Damasi begani.

Jumatatu, 25 Juni

Bwana mkubwa ameniita ofisini. Nahamishiwa Tabora. Treni ni mwisho wa mwezi ujao.

Padre lazima atangaze ndoa Jumapili tatu. Neno la mzee lisipopatikana kabla ya tarehe kumi na tano Julai, napanda treni peke yangu. Na pale Mtoni kuna dresa wa hospitali anazungukazunguka na baiskeli mpya. Kila mtu anamsifia ile baiskeli.

Jumatano, 27 Juni

Nimemfuata Damasi chumbani kwake Temeke. Nimemweleza habari ya Tabora. Nikamwambia kunywa si dhambi, mimi mwenyewe nanywa, ila kwa kiasi. Akaniita Padre. Akacheka weee, kisha akaapa kwa jina la mama yake: makopo mawili, na finjani inabaki nyumbani.

Nimemwamini. Nitafanyaje?

Jumapili, 1 Julai

Damasi hakuvunja kiapo. Finjani yake ilibaki nyumbani kweli.

Mzee Kosmas alikuwa amenunua za kwake. Mpya, zenye maua, zimepangwa kwenye sinia. Na moshi anao, sijui kaupata wapi, mtu mzima wa kanisa. "Mwanangu Damasi, hebu tufundishe tena." Damasi akaniangalia. Baba mkwe akiomba, mshenga anakataaje? Nimemchukia Damasi kwa dakika moja tu. Baada ya hapo nimewachukia wote.

Walipofika kwangu nikafunika kopo kwa kiganja. Mzee akauliza, "Huyu mwenzetu kaja kunywa, au kaja kutulinda?" Kicheko nyumba nzima. Nami nikacheka. Nilitaka kulipiga teke lile sinia.

Jioni Damasi alisimama kwa heshima zote akamposa Valeria. Hakuna Valeria katika nyumba ile. Mzee akaitikia kwa moyo mmoja, amekubali, wamchukue.

Halihesabiwi. Jumapili ijayo tena.

Alhamisi, 5 Julai

Nimekwenda kwa mama yake Veronika wakati mzee yuko kazini. Nikamwamkia, nikakaa, nikaomba: safari hii atupe chai. Akashika kiuno.

"Chai? Kwa mgeni wa posa? Mwanangu, majirani watasema tumekufukuza."

Akanifungia mihogo ya kuchemsha. Mihogo mitamu. Hasira iko palepale.

Jumapili, 8 Julai

Sijui nicheke au nilie.

Nilipeleka chupa chache kwa makusudi, ziishe upesi, maneno yaanze. Hesabu zangu zilikuwa nzuri. Bomu la kwanza tu, mzee kalinyanyua kwa pupa, finjani ikashuka kwa kasi ikampiga jino la mbele. Limekatika nusu. Damu kwenye bia, damu kwenye kanzu, mama anapiga kelele, Damasi amepiga magoti anatafuta kipande cha jino chini ya meza kama vile kitarudishwa.

Mzee kafungwa kitambaa taya. Hawezi kusema. Posa imeahirishwa mpaka jino lipoe.

Mimi siwezi kungoja jino. Nina wiki hii tu.

Jumanne, 10 Julai

Nimemngoja Veronika nje ya shule anakofundisha watoto wadogo. Nilitaka anionee huruma. Nikamwaga yote: Damasi, finjani, jino, Tabora.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Jumapili zote mie nipo nyuma ya pazia. Damasi nimemsikia, baba nimemsikia. Wewe sijakusikia hata mara moja."

Nikamwambia anayesema ni mshenga. Ndio utaratibu.

"Utaratibu naujua. Unywaji wako wa kiasi nimeuona, nashukuru. Na kunitaka nako ni kwa kiasi?"

Kengele ikalia, akaingia ndani. Nimekasirika naye mpaka usiku huu.

Ijumaa, 13 Julai

Sikwenda ofisini asubuhi. Nimekwenda karakana ya mzee, Mtoni. Alikuwa anapiga randa, taya bado imevimba. Wanagenzi wake wawili walikuwa nje.

Nikasema, "Shikamoo baba. Nimekuja kumwomba Veronika." Kwa mdomo wangu mwenyewe. Randa ikasimama.

Alikasirika, na ana haki. Nyumba yake haiombwi mke namna hiyo, mshenga yuko wapi, mimi ni mtu wa adabu gani. Nikajibu sijui mshenga yuko wapi. Nikasema namtaka binti yake na sitaweza kuishi Tabora bila yeye. Nikasema tumekaa mezani kwake Jumapili tatu na hakuna aliyemtaja Veronika kwa jina lake. Sauti ilinipanda. Sijawahi kumpigia mzee kelele maishani.

Akaninusa. Kweli, alisogea akaninusa.

"Hujanywa."

"Sijanywa, baba."

Akakaa juu ya ubao. Akasema kwa shida, akishika shavu, kwamba na yeye hajanywa tangu jino, na kichwa chake ni chepesi, na anaona aibu. Nimlete Damasi kesho alfajiri, mkavu. Hakuna chupa, hakuna kopo.

Nimetoka pale nikakaa kando ya barabara ya Kilwa, nikalia kidogo. Sikuona aibu.

Jumamosi, 14 Julai

Damasi amekuja. Amevaa koti lake la jeshi, amenyoa, amejikata mahali pawili. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata akaiweka nyuma. Jasho linamtiririka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Lakini alisema. Alitaja ukoo wetu, akataja wa kwao, akamtaja Veronika. Maneno mazuri kama ya wazee wa nyumbani. Sikujua anayo.

Mzee amekubali. Mama amepiga vigelegele. Nyuma ya pazia mtu akacheka.

Damasi hakungoja uji. Alisema ana kazi bandarini. Leo hana zamu, najua.

Jumapili, 15 Julai

Padre amesoma majina yetu. Veronika alikuwa upande wa wanawake, hakugeuka, ila shingo ilikuwa inacheka.

Damasi hakuja misani. Nimemfuata Temeke. Alikuwa amekaa kitandani na lile koti la jana. Kopo mkononi, hakuna bia, hakuna finjani, hakuna mchezo. Moshi mtupu. Akaniambia tangu arudi kutoka Burma ile ya jana ndiyo asubuhi yake ya kwanza bila kunywa. Alisema kama anayeeleza habari ya mvua.

Wiki tatu nimemkasirikia. Leo nimeogopa. Kumwambia kiasi, mtu wa namna hii! Nilikuwa nasema nini?

Akauliza kama padre ameyasoma majina vizuri. Nikamwambia ameyasoma vizuri. Akafurahi. Akauliza Tabora ni mbali kiasi gani kwa treni, na nauli, na kama kuna kazi. Nikamjibu ninavyojua.

Nilikaa naye mpaka akalala. Nikamvua koti, nikalitundika msumarini.