Maneno ya Kanisa Hayatumwi kwa Posta

Vilardosa, Jumatano ya Majivu

Mdogo wangu Remei,

Salamu. Mimi sijambo, ukiacha goti. Natumaini wewe, mumeo Clive na binti yenu Harriet hamjambo huko Uingereza. Haya, salamu zimekwisha, sasa nikupe vidonge vyako.

Barua yako imefika. Miaka minne kimya, halafu unaniuliza vitu vya kanisa letu tunaviitaje Kikatalani, ili Clive avichape chini ya Kiingereza kwenye kijitabu cha wageni watakaopanga nyumba yenu ya hapa! Pulpit, ile mimbari ya kuhubiria, ni trona, Remei. Ulijificha nyuma yake ukila hostia ambazo hazijabarikiwa, ukachapwa. Font, lile birika la ubatizo, ni pica. Ulibatizwa hapo, ukalia kanisa zima likakoma. Umesahau, au umejisahaulisha?

Nilimwonyesha padre wetu, Mossèn Eudald, ukurasa uliotuma. Clive amemwandika vicari, kwa kuwa kwao mwenye parokia ni vicar. Huku vicari ni msaidizi tu. Mwenye parokia ni rector. Padre akasema, "Huyo shemeji yako kanishusha cheo, na askofu hana habari!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilitaka kuitia barua yako motoni, Mama akaninyang'anya. Akasema nisikutumie hata neno moja: Harriet mwenyewe aje Pasaka, na yeye bibi yake amshike mkono, amguseshe kila kitu huku akimtajia jina lake. Nikamwambia, "Mama, hawa hawaji." Akanijibu, "We nyamaza, kaagize mona." Si ndiye mama wa ubatizo wa Harriet? Kila Pasaka humnunulia mjukuu wake keki hiyo ya mona, na kila mwaka naishia kuila mimi, yeye akiwa mlangoni anatazama barabara.

Sasa nisikilize. Ameniapisha nisikwambie, nami navunja kiapo: macho yake yanakwisha. Daktari anasema Krismasi itamkuta gizani. Ile picha ya Harriet uliyotuma zamani bado analala nayo. Juzi nilimkuta anaibusu upande wa nyuma.

Maneno mengine yote anayoyataka Clive ninayo. Njooni myachukue. Mkija, nitakubusu mashavu yote mawili na ugomvi utaishia hapo. Usipomleta mtoto, nunua kamusi, na usiniandikie tena.

Nisalimie Clive, kwa shingo upande. Harriet mbusu sana.

Keki nimeshaiagiza. Mwaka huu sitaila.

Dada yako,
Engràcia