Mwalimu wa Unguja Asiyeijua Unguja

Jumamosi, Mshangano, Songea. Baridi ya Juni haina mchezo. Naandika nikiwa na kitenge begani na soksi mbili mbili. Nina furaha ambayo sikuistahili.

Ngoja niungame kwanza. Mwaka wa pili huu nafundisha Kiswahili mtandaoni, na kwenye ukurasa wangu nimeandika kwamba nimezaliwa Unguja. Hata jina nimeweka la huko. Niliamini mgeni anayetaka Kiswahili anataka cha pwani, si cha Mngoni aliyekulia Mpitimbi akizungumza Kingoni jikoni.

Unguja sijawahi kufika.

Mwanafunzi wangu mpya ni Nomsa, Mzulu, mwalimu wa shule ya msingi Afrika Kusini. Shuleni kwao wanataka kuanza kufundisha Kiswahili, na leo alikuwa aamue kama atawaleta kwangu walimu wenzake sita. Nikikumbuka sekondari tulivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, nacheka peke yangu. Leo kinatafutwa kwa tochi.

Basi, katikati ya somo mama akaingia kufuata ungo wake. Nomsa akamwona kwenye kioo, akamwamkia shikamoo kama nilivyomfundisha. Hapo ndipo nilipojiponza. Huku kwetu ukimwamkia mtu mzima, marahaba haiji peke yake. Lazima ajue wewe ni wa ukoo gani.

“Marahaba, mwanangu. We wa akina nani?”

Nomsa akajibu, kwa kusitasita, kwamba mama yake mzazi ni wa ukoo wa Gama. Mama akaweka ungo chini.

“Gama? Mbona na sisi ni akina Gama. Gama wa Mpitimbi.”

“Si wa Unguja?” Nomsa akauliza.

“Unguja tuna nani? Mimi hata boti sijapanda.”

Nilitamani umeme ukatike. Haukukatika.

Nikasema kweli yote, nikaomba radhi, nikijua nimeshampoteza. Nomsa akacheka mpaka akavua miwani. Akasema utotoni alisimuliwa kwamba wenzao wengine waliondoka na kushika njia ya kaskazini enzi za vita, ila hakuwahi kujua waliishia wapi.

“Kumbe mko Songea,” akasema.

Walimu sita wanaanza Jumanne. Wanataka na mama awepo.

Nimeifuta Unguja. Nimeandika Songea, na jina langu kamili. Babu zetu Wangoni walikuja kutoka huko kusini na lugha yao, wakaipoteza huku huku; Kingoni chetu cha leo ni kingine. Leo mjukuu wao anawapelekea Kiswahili ndugu waliobaki kule. Hivi mimi niliogopa nini muda wote huu?

Mama anachambua maharage hapa pembeni. Ameniuliza kama kweli wale wenzetu hawajui Kiswahili kabisa. Nimemwambia ndiyo kwanza wanaanza.

“Wafundishe taratibu,” kasema. “Tuliwaacha siku nyingi.”