Mashine ya Santuri Imeacha Kuvuma

Baba Mumbua,

Ulipokuwa kazini Magadi, kila barua uliianza kwa kuuliza kama niko mzima. Basi mimi ni mzima. Wewe sikuulizi.

Tangu tukuzike, Kitengela imejaa majirani. Pale tulipokuwa tukiona swara sasa kuna maduka na mlingoti wa simu, na binti yetu ameninunulia simu ya mkono. Hupiga kila Jumapili kutoka Embulbul: "Mum, uko aje?" Namjibu niko sawa, ni mashine ya baba yako tu inanisumbua. Yeye husema niitupe, ataniletea ya CD. Mtoto wako hajui kitu.

Kwa maana ilianza kuvuma, mume wangu. Kiangazi kilipoingia tu, mmmm, kama nyuki ndani ya debe, na wimbo uko mbali huko nyuma. Unaijua Jumamosi yetu: tunakunywa chai, unasukuma meza, unaniambia, "Simama, Mama Mumbua, miguu isilale." Nilitaka saa hiyo moja tu irudi. Siku zingine naweza kuzivumilia.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, kile cha nailoni, maana ulikuwa ukinifukuza nacho: "Wewe na stima yako ya nguo inayovuta vumbi, kaa mbali na santuri zangu!" Nikapangusa santuri kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, nikifuata mistari yake. Kuchakacha kwa vumbi kukaisha, kuvuma kukabaki. Nikakaza skrubu ya ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine hadi nyuma ya amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti. Bado.

Halafu mkono wangu ukagusa bamba la chuma la mashine, na kelele ikanyamaza. Nikaachilia, ikarudi. Nikashika tena. Basi nikaketi hivyo nimeishika, upande mzima wa santuri ukaimba vizuri, nami nalia, kwa sababu nikisimama kucheza itaanza tena.

Kesho yake nikaufuata waya wa pili. Unatoka nyuma ya amplifaya, unapita dirishani, unashuka ukutani hadi kwenye kile chuma kirefu ulichokipigilia ardhini. Udongo wetu mweusi ulikuwa umepasuka pande zote, chuma kinacheza kama jino la mtoto. Hapo ndipo nilipokumbuka yale maji ya kuoshea vyombo. Kila jioni ya kiangazi uliyamwaga pale pale, nami nakugombeza: maji tunanunua kwa mwenye punda, na wewe unanywesha msumari? "Nanywesha arthi," ulisema, ukacheka. Sikuuliza zaidi. Nilidhani ni uzee, kumbe arthi ni njia ya kupeleka stima ardhini, na udongo mkavu hauipokei.

Nikamwaga beseni zima, nikashindilia udongo kwa kisigino, nikaongeza lingine. Leo Jumamosi nimeweka santuri. Hakuna kuvuma. Safi kabisa, Baba Mumbua, ungejivunia mkeo.

Nikasukuma meza. Nikasimama katikati ya sebule, nikainua mikono vile ulivyokuwa ukinishika, nikangoja. Wimbo ukaanza, ukafika katikati, ukaisha, nami sijainua mguu. Nyumba imenyamaza kuliko siku yoyote. Nilikuwa nimejiambia kwamba mashine ikipona, nami nitapona. Nimeitengeneza, na wewe bado haupo.

Kesho Mumbua atapiga, atauliza niko aje, na sina tena mashine ya kusingizia. Nakuahidi chuma chako hakitakauka. Na nakuahidi hili lingine, ambalo kwangu ni gumu zaidi: nitamwambia mtoto wetu kwamba niko mpweke, kwamba mpweke ndivyo nimekuwa siku hizi zote, na kwamba aje.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Mumbua