Kaa la moto kwa mgeni wa Kidugala

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Makambako tupo. Babu yako anakohoa kidogo, na barafu imeunguza viazi, lakini tunakula. Unaniuliza, huko kambi ya wakimbizi Kigoma, umpe nini mtu aliyepoteza kila kitu.

Nilipokuwa msichana, enzi za Mwingereza, wanawake Wapolandi waliokimbia vita waliletwa na watoto wao Kidugala, karibu na kijiji chetu. Kwetu anayehamia hupelekewa moto na jirani, basi mama yangu akabeba kaa kwenye kigae, nami nikamfuata. Njiani wenzake wakamcheka.

“Wale Wazungu. Wana viberiti.”

“Kiberiti si jirani,” akajibu, akaendelea kulipuliza kaa lake lisizime.

Tulimkuta mwanamke mmoja ameshapanga kuni, kiberiti mkononi. Akalitazama lile kaa, akamtazama mama. Akarudisha kiberiti mfukoni, akapiga magoti. Wakapuliza pamoja, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, mpaka moshi ukawatoa machozi.

Moto ulishika, moshi ukaisha, yule mwanamke akawa bado analia. Mama akavuta kigoda, akakaa.

Bibi yako anayekuombea