Cheti Kilichoachwa Kife

Bagamoyo, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia na usingizi unaupata. Mimi mzima, ila sauti moja haijanitoka masikioni tangu Ijumaa: taya la Pazi likivunjika kwa mpini wa jembe. Ilikuwa kavu, kama muwa.

Najua umeshaambiwa kwamba Pazi, mhasibu wa chama chetu cha mananasi, aliiba, wakulima wakampiga. Hakuiba, mama. Tovuti tunayouzia ina cheti cha usalama, ambacho simu hukikagua kabla ya kuifungua. Muda wake ukipita, simu humwonya mtu kwamba huenda wezi wanawinda taarifa zake. Kaka Hamidu ndiye aliyekuwa akikihuisha kwa mkono. Mimi nimekuwa nikiandikiana na wataalamu wa nchi nyingi waliokuwa wakikamilisha kiwango, yaani kanuni za pamoja, za kuwezesha mashine kuhuisha vyeti zenyewe, nikakisihi chama tukifuate. Pazi aliniunga mkono. Kaka akaniita Bi Kompyuta mbele ya mkutano, akasema tungoje kwanza hao wenzangu wamalize kubishana.

Wiki iliyopita walimaliza. Kiwango kikapitishwa, nami nikaanza kuandaa mashine yetu.

Ijumaa baada ya sala, wakulima walipofungua tovuti pale ofisini waone mauzo, kila simu ilitoa onyo la wezi. Hamidu akapanda juu ya benchi akawauliza, kwani hesabu zenu anashika nani? Pazi alikuwa anakunywa chai. Walimburuta kwa kanzu mpaka ikachanika, wakamkanyaga mbavu. Mmoja alimshindilia ganda la nanasi mdomoni, akimwambia ashibe sasa. Nilijitupa katikati, nikapigwa kiwiko, nikaanguka. Nikiwa chini niliuona mpini ukipanda. Aliyeushika ni kaka.

Jicho la kushoto la Pazi limekwenda. Hospitali wanamlisha kwa mrija.

Jana nilimuuliza Hamidu kama alisahau kukihuisha cheti. Akasema hakusahau. Alikiacha kife, kwa sababu mashine ikishika kazi yake, yeye pale chamani atabaki nani? Kisha akapanda gari kuja kwako Fukayosi. Bila shaka amekuambia amekimbia joto la mjini.

Nisalimie shangazi. Anayekuletea barua hii ni Adila, mke wa kaka. Mpe pa kulala, hajala tangu juzi. Polisi nimekwisha kwenda, mama. Nimemtaja Hamidu, nimewaelekeza nyumba yako, na nimewaambia kwamba mlango wa uani haufungiki.

Mwanao,
Mwaija