Koti la Posa

Jumatatu, 19 Januari
Nashona sare za harusi tangu asubuhi. Ramadhani inakaribia na kila mtu anataka kuoa kabla. Mgongo hauna hali.

Mama kapata habari kwa jirani. Makumbusho ya Chake yana maonyesho ya nguo na picha za zamani, za studio ya hapa Mkoani. Anataka kwenda kuona kama picha ya baba imo, ile ya koti. Picha hiyo shangazi aliifikisha Wingwi, kwao mama, siku ya posa. Kila Idi mama hutusimulia: alipoliona koti tu, akakubali.

Baba kaacha chai nusu, katoka. Si kawaida yake. Koti likitajwa huwa hachoki kueleza lilivyoibiwa bandarini. Zamani mwizi alikuwa mmoja. Siku hizi wamefika watatu.

Jumatano, 21 Januari
Baba anaumwa magoti, safari haiwezi. Mama kasema basi atakwenda na mimi. Magoti yakapona palepale. Sasa tatizo ni barabara. Barabara ya Chake, ya lami!

Alhamisi, 22 Januari
Baba kaja kibandani kwangu, kafunga mlango na mteja yuko nje. Koti halikuwa lake. Lilikuwa la mpiga picha, limetundikwa msumarini. Kila kijana alilivaa, akapigwa picha, akalivua. Wallahi nimecheka mpaka sindano imenidondoka. Yeye hakucheka. Anataka nimzuie mama.

Nimzuie vipi? Mama ni mtu wa kununa. Aliwahi kumnunia baba mwezi mzima kwa sababu ya pweza. Wazee wangu hawa bado wanakula sahani moja. Naogopa. Sitaki koti la mtu liwatenganishe uzeeni.

Nimemwambia amweleze mwenyewe, leo hii. Kasema atasema.

Ijumaa, 23 Januari
Hakusema.

Jumamosi, 24 Januari
Tumekwenda. Mama kavaa kanga mpya, kajifukiza udi mpaka gari zima likanukia. Baba kama anapelekwa mahakamani.

Yarabi, pazuri! Suruali za bugaluu zilizopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, magauni ya mshono ambao siku hizi hakuna fundi anayeuthubutu. Nilitaka kugusa kila pindo. Binti anayetembeza wageni kanikanya, nikamwomba radhi, nikagusa tena.

Halafu ukuta wa koti. Lenyewe limetundikwa katikati. Kulizunguka, vijana wa Mkoani, mmoja baada ya mwengine, wote ndani ya koti lilelile. Kifungo cha pili hakifanani na vingine, hapana pa kujificha. Baba yumo, pembeni juu. Mwembamba! Mikono imemfunika vidole.

Mama kasimama. Kazitazama moja moja. Baba anatazama viatu vyake.

"Kumbe mie nimeposwa na Mkoani nzima," kasema mama. Hakucheka. Kaongeza kuwa njia ya mwongo fupi, na akaisema kwa sauti, watu wakageuka.

Binti, maskini, akatukaribisha chumba cha pili: picha za studio ya Wete. Hapo mama akashikwa na magoti. Ghafla. Twendeni zetu, joto, keshaona ya kutosha. Baba si mjinga. Katangulia yeye kuingia.

Gauni la maua makubwa, mkanda mweupe. Wasichana tele ukutani, gauni moja. Na mama yumo, kabana midomo, picha ileile aliyompelekea baba kuijibu posa. Gauni ambalo maisha yetu yote tumeambiwa alimwachia binamu yake!

Nyani haoni kundule. Baba kanyoosha kidole. Mama kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Loo, kicheko! Wamecheka mpaka wameshikana, mpaka binti wa watu kaleta viti. Mimi ndiye niliyelia. Furaha tupu. Sijawahi kuwapenda vile.

Ijumaa, 30 Januari
Mvua kidogo. Wateja hakuna.

Baada ya swala baba kaja na kitambaa cha kijivu. Nimempima koti. Bega la kushoto limeshuka, nilikuwa sijui. Mama kashika ncha ya futi.

Vifungo kachagua mama. Cha pili kakitafuta kwenye kopo jengine.