Farasi wa Maji wa Shosho Morag

Jumatano, Novemba 2011

Leo imeanguka ile theluji ya majimaji ambayo hata si theluji. Nimefika nyumbani, mtaani Agincourt huku ughaibuni, viatu vimelowa hadi soksi, na bado sijavivua.

Shosho ameondolewa nyumbani kwake.

Jina lake ni Morag, mzee Mskochi niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake. Nilimwita Shosho, kama ninavyomwita nyanya yangu kule Nyeri, naye akazoea kuitika. Kumbukumbu zimemtoka karibu zote. Jina la mwanawe humpotea.

Farasi hajampotea.

Aliponisimulia mara ya kwanza juu ya farasi wa maji, nilidhani anasema kiboko, yule mnyama wa mtoni. Alikasirika! Kisiwani kwao, farasi wa maji hutoka ziwani akasimama ufuoni, mpole, manyoya yanang'aa, kama hana mwenyewe. Mtoto akimpanda, mgongo hurefuka ili mwingine apate nafasi. Kisha ngozi hunata kama gundi, na farasi hurudi nao majini. Shosho alikuwa na mdogo wake, Calum, aliyezama ziwani angali mtoto. Watu wazima walimwambia farasi amemchukua. Nadhani hawakuwa na nguvu ya kumwambia zaidi.

Sasa maji yoyote mengi, kwake, yana farasi. Ndiyo maana sikuwahi kujaza bafu. Nilimkalisha kitini, nikamwosha kwa beseni dogo na kitambaa huku nikimwimbia. Hakulia.

Mwanawe, Ian, si mtu mbaya. Amechoka tu. Leo asubuhi tulimpeleka pamoja kwenye nyumba ya wazee. Nilimwomba muuguzi wa pale, "Tafadhali, msimtie kwenye maji. Anaogopa sana."

"Ni hadithi za utotoni," Ian akasema, macho chini. "Atazoea."

Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba kila anayeingia huogeshwa siku ya kwanza. Wakamfunga mkanda kwenye kiti cha kunyanyulia, wakamshusha ndani ya bafu lililojaa maji. Mimi niliachwa mlangoni.

"Calum, shuka! Shuka!"

Alipiga kelele kwa Kiingereza, halafu kwa lugha ya kwao ambayo hakuna aliyeielewa mle ndani. Niliomba niingie nimwimbie. Nikaambiwa mimi si mfanyakazi wa pale, na ni kweli.

Kisha akanyamaza ghafla. Muuguzi akanigeukia akitabasamu. "Unaona? Ametulia."

Hakuwa ametulia. Nilimwona uso. Alikuwa ameacha kuita.

Walipomvisha nguo nilikwenda kumuaga. Kisiwani kwao husema farasi huyo anaweza kujigeuza mtu, akaja kwako mzuri na mwenye maneno matamu, na utamjua kwa majani ya ziwani yaliyonasa nyweleni. Shosho alinitazama kwa muda. Akanyoosha mkono, akaanza kupapasa nywele zangu, msuko baada ya msuko, akitafuta.

Sikumzuia. Ian alikuwa dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Ni mimi, Shosho," nilimwambia.

Akaurudisha mkono wake chini ya blanketi na kuuficha.

Nimekaa hapa jikoni nikijiambia kwamba pengine wiki ijayo watamzoea, wataleta beseni. Siamini. Wana wazee wengi na mikono michache, na mimi kuanzia kesho nimepangiwa mzee mwingine, upande wa pili wa jiji.

Jumapili wageni wanaruhusiwa. Nikienda, atamwona nani akiingia mlangoni?